Tulivyompeleka Mama Bustani ya Maji

Mie si mtu wa foleni. Nikisimama nyuma ya watu kumi damu huanza kunichemka, na nikisimama nyuma ya watu hamsini juani, huku mtoto mmoja ananivuta upindo wa nguo akitaka kwenda msalani na mwingine analilia soda, naweza kugombana hata na nguzo ya umeme. Siku hizi mume wangu ndiye anayesimama foleni kwa niaba yangu, na mie hukaa kivulini nikilinda mizigo. Kwa hiyo ndugu na majirani wanaponiuliza, kila likizo ikikaribia, kama inafaa kuwapeleka watoto bustani ya maji, huwa nawaambia ukweli wote bila kuupaka mafuta. Mtapigwa jua. Macho yatawawasha kwa ile dawa wanayotia majini. Mtapoteza kandambili moja, moja tu, ili mrudi nyumbani na nyingine isiyo na kazi. Chakula mlichoamka alfajiri kukipika mtakiacha nje ya geti. Mtapiga kelele kuwaita watoto mpaka sauti ikauke, na watoto watajifanya hawasikii. Nikishamaliza kuwatisha hivyo, nawaambia waende.

Nawaambia waende kwa sababu ya siku moja ya mwishoni mwa miaka ya tisini, Idd pili, tulipompeleka mama yangu.

Wakati huo nilikuwa nakaa Temeke, nyumbani kwa wazazi wangu, mimi na binti zangu wawili, mmoja wa miaka tisa na mmoja wa miaka sita. Kwangu hasa kulikuwa Kinondoni. Baba yangu alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi kadhaa nyuma, nami nikahamia Temeke kuwa na mama wakati wa eda. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na mama aliikaa yote kwa ukamilifu: hana hina, hana manukato, hatii mguu nje ya nyumba. Zilipotimia, wakaja shangazi zangu, wakamwogesha, wakamvika nguo mpya, wakamfukiza udi. Tukapika, tukala, tukasema sasa mama ametoka.

Hakutoka. Wiki ikapita, mwezi ukapita, miezi ikafuatana, mama yuko uani. Alipika, alifagia, alisali, aliwasuka wajukuu zake, lakini mlango wa mbele hakuusogelea. Sokoni nilikwenda mie. Harusini hakwenda, na hilo lingesameheka. Lakini alipofariki jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke waliyekopeshana naye chumvi miaka ishirini, mama alinipa mie kanga na salamu za pole, akarudi jikoni. Temeke unaweza kukosa harusi ukaeleweka. Msibani ukikosa, watu wanakuandika kwenye vichwa vyao, na hawafuti.

Maneno yakaanza. "Mama yako ana nini?" waliniuliza bombani. "Mbona eda yake haina mwisho?" Niliwajibu kwa ukali ambao hata leo baadhi yao wanaukumbuka. Mmoja nilimwambia kama ana hamu sana ya kumwona mama yangu, basi na yeye afiwe na mume wa miaka thelathini na tano tuone atatoka baada ya siku ngapi. Hayo hayakuwa maneno mazuri. Niliyasema, na jioni nikayajutia, na kesho yake nikasema mengine.

Nilijiapiza kwamba sirudi Kinondoni mpaka mama avuke kizingiti kile kwa miguu yake mwenyewe. Nilimwambia hivyo mume wangu. Alikuwa akija kila Jumapili, anakaa kwenye mkeka, anakunywa chai, anauliza, "Mama anaendeleaje?" Namjibu, "Bado." Anatikisa kichwa, anawabeba watoto, anaondoka. Tangu kiwanda alichokuwa akifanyia kazi Chang'ombe kibadilishe mmiliki, na yeye na wenzake wakaambiwa wakae nyumbani, alikuwa mtu wa kunyamaza, na mie hasira zangu zinataka mtu wa kujibizana naye. Baadaye akawa anakuja Jumapili moja, nyingine haji. Nami sikuuliza.

Basi ndivyo tulivyokuwa, mpaka jirani yetu aliponunua televisheni. Miaka hiyo televisheni zilianza kuingia mtaani moja moja, na aliyekuwa nayo hakuwa na sebule tena, alikuwa na ukumbi. Binti zangu walikuwa wanakaa sakafuni kwa jirani pamoja na watoto wa mtaa mzima. Siku moja katikati ya Ramadhani wakarudi mbio, wanazungumza kwa pamoja, nisipate neno. Nilipowatenganisha nikaelewa: kumejengwa bustani ya maji kule kaskazini, nje kabisa ya mji. Kuna mabomba makubwa ya rangi, marefu kuliko minazi, unapanda ngazi mpaka juu, unakaa ndani ya bomba, maji yanakusukuma, unazunguka, unazunguka, unaangukia kwenye bwawa. "Watu wanateremka wanacheka," alisema yule mdogo, kama mtu anayetoa ushahidi.

Kaka yangu alikuwa fundi magari gereji moja Chang'ombe, na alikuwa na pick-up iliyopona leo ikaugua kesho. Aliwaahidi watoto kwamba Idd pili atawapeleka. Furaha ikawa kubwa, mpaka yule mkubwa akamgeukia mama na kusema, "Siendi bila bibi."

"Nendeni, mtanihadithia," mama alisema.

"Basi siendi." Huyu mtoto amerithi kichwa changu, na siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Usiniulize nilitoa wapi uongo niliousema. Mama alikuwa amekaa kwenye kibao, ungo mapajani, anachagua mchele. Nikasema, "Mama, hata wewe umeitwa."

"Na nani?"

"Na wenyewe wa huko. Wametuma salamu, wanasema twende sote, na mtu mzima wa nyumba awepo."

Mama aliendelea kuchagua mchele. Akatoa kijiwe, akakitupa, akatoa kingine. Nilijua anachopima. Mama yangu alilelewa Kimbiji na mama yake kwa neno moja: usikatae wito, kataa neno. Mtu akikuita unakwenda. Ukishafika, ukiambiwa jambo usilolitaka, hapo ndipo unapokataa. Kukataa mwito wenyewe ni kumtukana aliyekuita. Mialiko ya harusi aliikwepa kwa kunituma mie kama mjumbe wake, lakini hapa nimesema mtu mzima wa nyumba awepo, na mtu mzima wa nyumba, tangu baba aondoke, ni yeye.

"Tutakwenda," alisema mwishowe. "Ila hatuendi mikono mitupu."

Sikulitilia maanani neno hilo. Nilikuwa na furaha mno.

Idd pili asubuhi, kaka alipofika na pick-up, tulikuwa tayari: sufuria ya pilau imefungwa kwa kitambaa, mkeka, dumu la maji, mfuko wa nguo za kuogelea nilizozichambua kwenye mitumba wiki nzima. Mama akatoka chumbani amevaa baibui lake, na mkononi ana kikapu, na kwenye kikapu kuna jogoo mkubwa mwekundu, miguu imefungwa, anatuangalia kwa jicho moja.

Kaka akanivuta pembeni. "Sista, huyu jogoo anakwenda wapi?"

"Nyamaza, kaendeshe."

"Sie si tunakwenda kuoga? Naye ataoga?"

Nikamfinya. Mama alikuwa amefika kwenye kizingiti. Alisimama pale, kikapu mkononi, na mie nikageuza uso nikajifanya naangalia tairi la gari, kwa sababu niliogopa macho yangu yatamrudisha ndani. Nilimsikia akisema, "Bismillahi." Kisha nikasikia kandambili zake kwenye mchanga wa nje. Mwaka na zaidi nimengoja sauti hiyo, na ilipokuja ilikuwa kandambili tu. Upande wa pili wa njia, mama mmoja aliyekuwa akifagia alisimama na fagio lake hewani.

Kaka alimkalisha mbele na yule mjukuu mdogo. Mie na mkubwa tulipanda nyuma na pilau. Radieta ilichemka mara mbili, na mara zote mbili nilimwambia kaka ninavyofikiria kuhusu ufundi wake. Lakini mama, kila tulipokuwa tukisimama, alitoa kichwa dirishani na kuangalia. Mji ulikuwa umebadilika alipokuwa ndani. Mbao za matangazo ukubwa wa nyumba, vituo vya mafuta vinavyong'aa, maduka yamejaa vitu mpaka barabarani, redio kila duka na kila moja stesheni yake. "Haya yote lini?" alimuuliza kaka. Kaka akamwambia, "Mama, ulipokuwa umelala." Akamjibu kwamba hakuwa amelala.

Tulipokaribia, mabomba yakaonekana kwanza, kabla ya ukuta na geti. Mie nilikuwa nimejiandaa kudharau. Nilidhani ni mambo ya televisheni, yatakuwa madogo. Hayakuwa madogo. Yalikuwa yamejikunja angani, la bluu, la njano na jekundu, juu kabisa ya miti, na ndani yake ulisikia watu wakipita wakipiga mayowe, huwaoni, unasikia sauti inazunguka hewani juu yako kisha inaishia chini kwenye maji kwa kishindo. Watu walikuwa wamejenga mto, wakaupandisha juu, wakaukunja walivyotaka. Mama alishuka kwenye gari, akaweka mkono juu ya macho, akaangalia kwa muda mrefu. "Subhanallah," alisema. "Na maji yanakubali?"

Foleni ilikuwa ndefu, na hapo ndipo nilipolipia uongo wangu. Aliyealikwa hakati tiketi. Ilibidi nimwache mama nyuma na watoto, nisukumane mpaka dirishani, nikate tiketi, nirudi nikizificha kwenye kanga, kisha nisimame tena foleni ya pili ya kuingilia. Jua la saa nne, watu wa Idd na nguo zao mpya, manukato, jasho, watoto wanalia. Jogoo akawika. Watu wakageuka. Nilitamani ardhi inimeze mie na kikapu. Mgeni ni kuku mweupe, walisema wahenga, na sie tulikuwa wageni na kuku tumekuja naye.

Getini alikuwepo mwanamke wa makamo, mwenye sare ya bluu na sauti ya watu wa bara, anakagua mifuko. Alimwona mama, akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa? Mmeamkaje?" Mama hakuwa na haraka. Nyuma yetu watu walikuwa wanasukumana, yeye anasalimia kama aliyefika ukumbini. "Tumeitikia mwito wenu. Tumekuja na watoto. Na hiki ni kidogo tu, mkono mtupu haulambwi." Akamkabidhi jogoo kwa mikono miwili.

Yule mwanamke alimwangalia jogoo, akaniangalia mie. Nilimkodolea macho tu, na nadhani uso wangu wote ulikuwa unaomba. Angeweza kucheka. Angeweza kusema, mama, hapa ni biashara, wanyama haturuhusu. Angesema hivyo, mama angegeuka, angepanda gari, na nisingepata tena uongo wa kumtoa.

Alipokea kikapu, naye kwa mikono miwili. "Ahsante sana, mama. Tumepokea. Karibuni, karibuni sana, mmefika nyumbani." Akamfunga jogoo kwenye mguu wa meza yake, akamwekea maji kwenye kifuniko. Kisha akafungua mfuko wangu, akaona sufuria, na uso ukambadilika. "Ila chakula, dada, hakiingii. Ndiyo sheria."

Nilifungua mdomo nigombane, lakini mama alinitangulia. "Ana haki," aliniambia. "Mwenyeji gani atakubali mgeni aje na chungu chake? Ni kumdharau. Huyu binti amelelewa." Akamrudishia kaka sufuria, naye kaka, ambaye tangu mwanzo alisema hana hamu ya kuoga na watu mia tano, akaenda kulala kwenye pick-up pamoja na pilau.

Ndani kero ziliendelea, na nazisema kwa sababu nimeahidi ukweli. Sakafu ilikuwa ya moto, tukawa tunarukaruka kama tumekanyaga makaa. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na maji mpaka kwenye vifundo na hakuna pa kutundika kitu. Nilikuwa nimevaa fulana na taiti, nikaingia bwawani na watoto, bwana mmoja akanipigia filimbi: fulana haziruhusiwi, kanga haziruhusiwi, nguo za kuogelea tu. Nikamwambia nimezaliwa na kanga. Akapiga filimbi tena. Nikatoka, nikaenda kuvaa lile vazi la mitumba, lilinibana hapa likaachia pale, nikarudi nimejikunyata. Binti mdogo alipotea robo saa nzima. Nilimkuta kwenye mto mwembamba unaozunguka bustani, amelala chali juu ya boya, macho amefumba, anapita mbele yangu taratibu kama bibi harusi. Nilikuwa nimejiandaa kumchapa. Nilibaki nimesimama. Sijawahi kumwona mtoto aliyeridhika namna ile.

Mama alikaa kwenye kiti chini ya makuti, baibui lake limefungwa vizuri, mikono mapajani. Watoto walikuwa wakimkimbilia, wanamwonyesha, wanarudi. Aliangalia tu. Nilikaa karibu yake nikamuuliza kama amechoka. Hakuwa amechoka. Nikamuuliza kama anafurahi. Alisema, "Nimeitwa, nimekuja, nimeona." Niliijua sauti ile. Ilikuwa sauti ya mtu aliyemaliza deni la adabu na sasa anarudi uani kwake.

Saa saba hivi yule mwanamke wa getini akaja. Ilikuwa mapumziko yake, na badala ya kwenda kula amekuja kumtazama mgeni wake. "Mama, mbona mkavu?"

"Mie nimetosheka, mwanangu. Na kanga hamzitaki."

"Mgeni wangu haondoki hapa mkavu. Watasema nimempokea vibaya." Alikuwa amebeba kitu mkononi: suruali nyeusi inayofika kwenye vifundo, shati jeusi la mikono mirefu, na kofia ya mpira. Ndizo nguo wanazovaa wanawake wanaofanya kazi pale wakiingia majini. "Hizi zinaruhusiwa, na zinastiri. Nimekuletea mwenyewe."

Mama alimwangalia yule mwanamke, akaangalia nguo. Kama ningezileta mie, angenirudishia. Lakini huyu alikuwa mwenyeji, amepokea mkono wa mgeni kwa mikono miwili, na sasa anatoa chake. Mama hakuwa na pa kutokea. Alisimama, akazichukua, akaenda kubadilisha.

Alipotoka sikumjua. Nilikuwa nimezoea mwanamke mpana, wa vitambaa, anayetembea polepole. Huyu alikuwa mwembamba, mgongo umenyooka, shingo ndefu. Mjukuu mkubwa akamshika mkono, na kabla sijajua wanakwenda wapi, niliwaona kwenye ngazi za bomba la bluu. Mie naogopa vya juu. Nilisimama chini kwenye ukingo wa bwawa na kupiga kelele, "Mama! Si hilo! Kuna dogo huku!" Hakunisikia, au alijifanya. Amezoea kukaa na watoto, akajifunza.

Mtoto aliteremka kwanza, akaangukia majini, akaogelea pembeni anacheka. Kisha bomba likanyamaza. Nikasali. Kisha nikasikia sauti, si ya mayowe kama ya wengine. Ilikuwa kama mtu anayeita kutoka mbali, "Huuuu," ndefu, inazunguka juu yangu, inashuka, inakaribia. Mama akatokea mdomoni mwa bomba, miguu mbele, akaingia majini na kuzama.

Hakuibuka. Nilihesabu moja, mbili, tatu. Bwana wa filimbi akasimama. Nikapiga ukelele nadhani ulifika Temeke, nikajitupa majini nikiwa sijui hata kuelea, nikasimama kumbe maji yananifika kifuani, natapatapa, nashika maji. Kisha watu wakaanza kunionyesha kidole, upande wa mbali kabisa wa bwawa. Kofia ya mpira ilikuwa inakata maji kule, mkono mmoja unatoka, mwingine unatoka, pole pole, bila kurusha tone. Mama yangu alikuwa anaogelea.

Sikujua. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nimenyonya kwake, nimelala mgongoni kwake, nimekaa naye mlango mmoja kwa mwaka na zaidi, na sikujua kwamba mama yangu anaogelea. Alifika ukutani, akageuka kama samaki anavyogeuka, akarudi. Watu walikuwa wamesogea kumpisha. Yule bwana wa filimbi alikuwa ameitoa filimbi mdomoni. Alipofika kwangu alisimama, akafuta uso, hata hakuwa anahema.

"Mama," nilisema. "Ulijifunza wapi?"

"Kimbiji. Tulikuwa tunaogelea mpaka kwenye miamba, sie wasichana, kabla ya kuvunja ungo. Baadaye ikawa haifai." Akaangalia mabomba. "Haya maji ni matamu, hayana chumvi. Macho tu yanawasha." Akapanda tena. Alipanda mara tano. Mara ya mwisho alikuwa anawatangulia watoto kwenye ngazi. Mie nilikaa ukingoni, miguu majini, nimesahau nimevaa nini, namwangalia. Nilikuwa namwogopa kidogo, kwa namna unavyoogopa kitu kikubwa kilicho karibu.

Alasiri tulitoka. Mama alimuaga yule mwanamke wa getini kwa kumshika mikono yote miwili, na kaka akampelekea sahani ya pilau iliyojaa, maana mwenyeji naye hula. Tukatandika mkeka chini ya mti pembeni ya pick-up, tukala kwa mikono iliyosinyaa kwa maji. Watoto walilala na punje midomoni. Kaka alijinyoosha chini ya gari, anatazama sijui nini.

"Kesho nakwenda kutoa pole," mama alisema. "Nyumba nyingi zinanisubiri."

"Alhamdulillah," nikasema. Nilitaka kuruka.

"Na wewe kesho urudi kwako."

Nikacheka. "Taratibu, mama. Nitakaa kwanza wiki mbili tatu, nikuangalie unavyo..."

"Huniangalii mie," alisema. "Mie nilipoa zamani."

Nilidhani anatania. Nikamuuliza kama alipoa zamani, kwa nini basi hakutoka.

Mama alikusanya punje za wali zilizodondoka kwenye mkeka, akaziweka kwenye ukingo wa sahani. "Eda ilipokwisha nilikuwa nitoke kesho yake. Baibui nilishalifua. Jioni ile kaka yako akashusha cherehani yako kutoka Kinondoni. Mtu anayekuja kumliwaza mama yake, mwanangu, haji na cherehani."

Kaka alijivuta ndani zaidi chini ya gari.

"Hukuniambia kitu, na mie sikukuuliza," mama aliendelea, bila kupandisha sauti. "Lakini ningetoka, ningekwenda sokoni, ningekwenda harusini, watu wangesema mama yake ni mzima wa afya, sasa huyu binti anafanya nini hapa na watoto wawili na mume anaye? Wangekusema wewe. Nikakaa ndani. Nikasema waniseme mie."

Nililia pale, mwanamke mzima, nywele mbichi, mbele ya watu wa Idd waliokuwa wakipita na watoto wao mabegani. Nililia kwa mwaka wote ule, kwa maneno yangu ya bombani, kwa jirani wa nyumba ya tatu ambaye mama hakumzika kwa ajili yangu. Mama hakuninyamazisha. Alingoja. Kisha akanisogezea sahani, akaweka kipande cha nyama upande wangu.

"Kula," alisema. "Kesho una safari."